Vipepeo katika Stempu za Posta: Historia ya Kuwatambua

Kumtambua kipepeo aliyechorwa kwenye stempu ya posta ni kazi tofauti na kumtambua kipepeo aliyetua juu ya ua, kwa kuwa mtazamaji hana mdudu mbele yake bali ana picha ya mdudu, na mara nyingi picha hiyo imetokana na picha nyingine iliyoitangulia. Mchoraji aliyepewa kazi na idara ya posta aghalabu hakwenda msituni. Alifungua kitabu cha wataalamu au droo ya makumbusho, akanakili kielelezo, yaani mdudu mkavu aliyechomwa pini na kutandazwa mabawa, kisha mchapaji akakipunguza kielelezo hicho hadi kikaenea katika kijikaratasi cha upana wa vidole viwili, akakipaka rangi alizokuwa nazo, na mwisho likaandikwa chini yake jina lililokutwa kitabuni. Kila hatua ya safari hiyo huweza kuingiza kosa, na kosa likisomwa kwa makini huonyesha nani alinakili kwa nani na katika mwaka upi. Kwa sababu hiyo utambuzi wa vipepeo wa stempu, ijapokuwa kwa nje unafanana na elimu ya wadudu, hutegemea historia kuliko unavyotegemea darubini.

Historia hiyo ilianza kwa kipepeo asiyeweza kutambulika kabisa. Stempu ya kwanza ya kubandika, ile ya peni moja nyeusi iliyotolewa Uingereza mwezi Mei 1840, ilibeba kichwa cha Malkia Victoria, na kwa miongo kadhaa baadaye nchi nyingi ziliridhika na wafalme, ngao za taifa na tarakimu za bei. Mwaka 1891 Ufalme wa Hawaii ulitoa stempu ya senti 2 yenye picha ya Malkia Liliuokalani, ambaye nyweleni mwake anaonekana amevaa pambo lenye umbo la kipepeo, na wakusanyaji wengi humhesabu huyo kuwa kipepeo wa kwanza kuingia katika stempu. Januari 1893 malkia alipinduliwa, na stempu zilizokuwa ghalani zikapigwa chapa ya serikali ya muda juu ya uso wake, hata kipepeo naye akaendelea kusafiri na barua chini ya utawala usiokuwa wake. Kutafuta jina la kisayansi la mdudu huyo ni kupoteza wakati, kwa kuwa sonara hakukusudia spishi yoyote; hata hivyo stempu hiyo ina faida moja kwa mtafiti, nayo ni kumkumbusha kwamba si kila chenye mabawa manne ya rangi kilichorwa ili kitambulike.

Lebanon, iliyokuwa wakati huo chini ya mamlaka ya Ufaransa, ilitoa mwaka 1930 stempu za mkutano wa hariri zilizoonyesha kiwavi, kifuko cha hariri na mdudu mzima wa Bombyx mori, yule anayelishwa majani ya mforsadi. Hapa utambuzi hauna shaka, lakini mdudu mwenyewe ni nondo. Vipepeo na nondo wote ni wa oda ya Lepidoptera, yaani wadudu ambao mabawa yao yamefunikwa kwa vigamba vidogo mno vinavyobaki vidoleni kama unga mtu anapowashika. Tofauti inayoaminika zaidi kati yao iko katika vipapasio, ambavyo kwa kipepeo huishia na kifundo, na kwa nondo huwa kama uzi mtupu au unyoya. Alama hiyo ni ndogo, na ndiyo inayopotea upesi zaidi picha inapopunguzwa kwa ajili ya stempu.

Kipepeo wa kweli aliyechorwa kwa ajili yake mwenyewe alitokea Sarawak, katika kisiwa cha Borneo, tarehe 3 Januari 1950. Nchi hiyo ilikuwa imetawaliwa kwa zaidi ya karne moja na ukoo wa Brooke, Waingereza waliojiita marajah, hadi mwaka 1946 ilipokabidhiwa kwa Taji la Uingereza, na stempu mpya zilizotolewa baada ya makabidhiano hayo ziliweka kichwa cha Mfalme George VI pembeni ya picha za nchi. Stempu ya bei ya chini kabisa, ya senti 1, ilipewa Trogonoptera brookiana, kipepeo mkubwa mwenye mabawa yanayoweza kufikia upana wa sentimita 17, ambaye Alfred Russel Wallace alimpa jina mwaka 1855 kwa heshima ya James Brooke, rajah wa kwanza. Ukoo ulikuwa umeondoka madarakani, lakini jina lake likabaki limefungwa kwa mdudu, na mdudu akapigwa muhuri wa posta kila siku chini ya jicho la mfalme aliyeurithi ufalme wao.

Jambo la ajabu zaidi katika stempu hiyo ni kwamba imechapwa kwa wino mweusi peke yake. Uzuri wote wa kipepeo huyo uko katika rangi ya kijani inayong'aa, iliyopangwa juu ya weusi wa bawa la mbele kwa safu ya meno ya pembetatu, pamoja na ukosi mwekundu nyuma ya kichwa. Wino ulipoiondoa rangi, kilichobaki ni umbo la bawa, refu na jembamba, na ile safu ya pembetatu. Hata hivyo hakuna mtaalamu aliyewahi kupata taabu ya kumtambua, kwa sababu pembetatu hizo hazifanani na za kipepeo mwingine nje ya jenasi yake, na jenasi ni kundi la spishi zilizo na ujamaa wa karibu. Tangu hapo ikawekwa, pasipo mtu kuitangaza, kanuni ambayo wakusanyaji wanaifuata hadi leo, kwamba katika stempu umbo hutangulia, mpangilio wa madoa hufuata, na rangi huulizwa mwisho kabisa.

Kanuni hiyo ina sababu ya kimaumbile. Rangi nyingi za buluu na kijani za vipepeo hazitokani na rangi iliyomo ndani ya kigamba bali na muundo wa kigamba chenyewe, unaoupasua mwanga na kurudisha sehemu moja tu ya mwanga huo, hivyo hubadilika kila mdudu anapogeuka. Wino hauwezi kufanya hivyo, na mchapaji hulazimika kuchagua buluu moja isiyobadilika, ambayo kwa kawaida huwa si yenyewe. Ukiongeza jua lililopausha stempu dirishani na maji yaliyotumika kuibandua kutoka kwenye bahasha, utaona kwa nini ushahidi wa rangi hupokewa kwa tahadhari.

Mwaka huohuo wa 1950, Uswisi ilianza kutoa wadudu katika stempu za Pro Juventute, taasisi ya watoto na vijana ambayo stempu zake huuzwa kwa bei ya posta pamoja na nyongeza ya hisani. Mfululizo wa kwanza ulikuwa na Vanessa atalanta, kipepeo mweusi mwenye mikanda myekundu, nondo aitwaye Catocala fraxini, nyuki, na Colias palaeno, kipepeo wa manjano wa nyika zenye majimaji, na wadudu wakaendelea kutolewa hadi mwaka 1957. Uswisi ilikuwa na kampuni ya Courvoisier, mjini La Chaux-de-Fonds, iliyobobea katika fotogravya, uchapaji ambao picha huchimbwa juu ya silinda ya shaba kwa vishimo vidogo vya kina tofauti, chenye kina kirefu kikibeba wino mwingi na chenye kina kifupi kikibeba kidogo, hata vivuli vikatoka laini. Ni mashine hiyo, kuliko mapenzi ya ghafla kwa wadudu, iliyowafanya vipepeo wawe kipenzi cha idara za posta: kwa mara ya kwanza kulikuwa na njia ya kuwachapa kwa rangi nyingi, kwa wingi na kwa bei nafuu. Mwaka 1953 Msumbiji, iliyokuwa chini ya Ureno, ilitoa stempu 20 za vipepeo na nondo kwa mkupuo mmoja, na mwaka 1963 China nayo ikatoa 20 za vipepeo. Baada ya hapo hesabu ikawa ngumu kuifuatilia.

Wingi huo ulileta swali la majina. Jina la kisayansi la mdudu lina maneno mawili, la kwanza likitaja jenasi na la pili spishi, kwa utaratibu ambao kwa wanyama huhesabiwa kuanzia toleo la kumi la Systema Naturae, kitabu ambacho Carl Linnaeus wa Sweden alikitoa mwaka 1758. Linnaeus aliwaweka vipepeo wote katika jenasi moja, Papilio, na waliomfuata wakaigawanya na kuigawanya tena. Kwa hiyo neno la pili hudumu na neno la kwanza huhama. Ipo pia kanuni ya utangulizi, inayosema kwamba jina lililochapishwa kwanza ndilo halali, hata likigunduliwa kwa kuchelewa katika jarida lililosahauliwa. Stempu haina nafasi ya kusahihishwa kila wataalamu wanapobadili mawazo, na kwa hiyo hugeuka kuwa kumbukumbu ya jina lililokuwa likitumika siku mchoraji alipofungua kitabu. Kwa vipepeo wa Afrika kitabu hicho, kwa muda mrefu, kilikuwa juzuu la 13 la kazi kubwa ya Mjerumani Adalbert Seitz, lililoandikwa na Christopher Aurivillius wa Sweden na kutolewa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Anayekutana na jina la zamani kwenye stempu ya miaka ya 1950 au 1960 hufanya vyema kuanza kulitafuta humo kabla ya kumtuhumu mchoraji kwa ujinga.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa jina lililosahihishwa haumo katika vipepeo, ila umo Afrika Mashariki na unastahili kutajwa. Desemba 1971 Kenya ilitoa stempu za kawaida, yaani zile za matumizi ya kila siku zisizohusu tukio maalumu, zenye makombe ya baharini na majina yake ya kisayansi. Ile ya senti 50 iliandikwa Janthina globosa na ile ya senti 70 Nautilus pompileus. Mwaka 1974 zote mbili zilichapwa upya, ya kwanza ikisema Janthina janthina na ya pili Nautilus pompilius. Makosa hayo mawili si ya aina moja, kwani la pili ni la tahajia tu, ambapo herufi moja imeandikwa badala ya nyingine, lakini la kwanza limembadili mnyama mwenyewe kwa jina bila kuigusa picha yake. Idara za posta chache zimewahi kugharimia masahihisho ya namna hiyo, na mkusanyaji mwenye stempu zote nne ana ushahidi kamili wa utambuzi uliorudiwa na wenye stempu wenyewe.

Tanzania iliwaingiza vipepeo katika stempu zake za kawaida tarehe 3 Desemba 1973, mahali pa samaki waliokuwa wametumika tangu 1967. Mfululizo huo ulikuwa na stempu 15, kuanzia senti 5 hadi shilingi 20, na ulienea mbali kuliko mipaka ya nchi, kwa sababu huduma za posta za Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa bado chini ya shirika moja la jumuiya na stempu za nchi moja zilikubaliwa katika nyingine. Zanzibar nayo, iliyokuwa na stempu zake, ilikuwa ikitumia za Tanzania tangu Januari 1968. Gharama zilipopanda, Novemba 1975 baadhi ya stempu hizo zilipigwa chapa ya bei mpya, senti 60 ikawa senti 80, na shilingi 20 ikawa shilingi 40. Wanaokusanya kwa ajili ya bei huzipenda stempu hizo kwa sababu ya chapa.

Aliyetaka kuwatambua vipepeo hao mwaka 1973 alikuwa na vitabu vichache vya kushika. Mji wa Nairobi ulikuwa na makumbusho yaliyoitwa awali Coryndon, ambako Robert Carcasson aliwapanga vipepeo wa Afrika kwa miaka mingi, lakini orodha za aina yake ziliandikwa kwa wataalamu. Kitabu cha Jan Kielland kuhusu vipepeo wa Tanzania kilitoka mwaka 1990, na cha Torben Larsen kuhusu wa Kenya mwaka 1991, yaani baada ya Kenya kutoa mfululizo wake wa vipepeo mwaka 1988 na Uganda wake mwaka 1989. Stempu zilitangulia vitabu, na haishangazi kwamba majina yaliyomo katika albamu za wakusanyaji wa wakati ule yamejaa alama za kuuliza zilizoandikwa kwa penseli.

Alama hizo za penseli hazikusababishwa na uhaba wa vitabu peke yake, kwa kuwa vipepeo wa Afrika wenyewe ni wajanja. Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, anayeonekana mashambani na kando ya barabara karibu kila mahali Afrika Mashariki, hula akiwa kiwavi mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na ndege akimwonja mara moja hamrudii. Jike wa Hypolimnas misippus, asiye na sumu hiyo, amevaa mavazi yaleyale kiasi kwamba hata mtu mzoefu huhitaji kumtazama mara mbili. Dume lake ni jeusi, lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na mng'ao wa zambarau, na halifanani naye hata kidogo. Hali hii huitwa uigaji. Kwenye stempu, jibu liko katika bawa la nyuma: Danaus ana madoa matatu au manne meusi katikati ya bawa hilo, na Hypolimnas ana doa moja tu karibu na ukingo wa mbele. Mchoraji aliyeyaacha madoa hayo kwa kuyaona hayana maana amemnyima mtambuzi ushahidi pekee aliokuwa nao, na picha ya namna hiyo haiwezi kupewa jina kwa haki, hata kama chini yake jina limeandikwa.

Papilio dardanus ni mgumu zaidi. Dume ni la manjano hafifu na lina mikia miwili katika mabawa ya nyuma, lakini majike ya sehemu kubwa ya bara la Afrika hayana mikia, nayo hujigawa katika maumbo mengi, kila umbo likimwiga kipepeo mwingine mwenye sumu, hata wataalamu wa kwanza wakayapa majina ya spishi mbalimbali. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyekuwa Rasi ya Tumaini Jema, alieleza kwamba majike hayo yote ni wake wa dume mmoja, na wako waliomkatalia. Ufugaji wa viwavi ndio uliokuja kumpa haki, na katikati ya karne ya 20 Cyril Clarke na Philip Sheppard wa Liverpool walionyesha jinsi maumbo hayo yanavyorithiwa. Nchini Madagaska jike lina mikia na linafanana na dume lake, kwa hiyo jina la nchi juu ya stempu linatosha kubadili jibu zima.

Hapo ndipo jina la nchi linapokuwa chombo cha utambuzi. Papilio demodocus, kipepeo mweusi na manjano ambaye viwavi wake hula majani ya michungwa na milimau, hufanana sana na Papilio demoleus wa Asia, na kwa kawaida inatosha kujua kwamba wa kwanza ni wa Afrika na wa pili ni wa Asia, ingawa katika Rasi ya Arabuni wawili hao hukaribiana na jina la nchi halitoshi tena. Chombo hicho kilipata kutu kuanzia miaka ya 1980, pale nchi nyingi, Tanzania ikiwa miongoni mwao, zilipoanza kutoa kwa wingi stempu zilizobuniwa na mawakala wa ng'ambo kwa ajili ya soko la wakusanyaji, zenye vipepeo wa Amerika Kusini au wa Asia wasiowahi kuruka katika nchi iliyoandikwa juu yake. Stempu hizo ni halali, na nyingine ni nzuri, lakini kwa mtambuzi zina upungufu mkubwa, kwa kuwa hazimwambii lolote kuhusu mahali.

Kosa la mahali lina umri mrefu kuliko stempu zenyewe. Mwaka 1773 Mwingereza Dru Drury alimweleza kwa mara ya kwanza mdudu mwenye mikia na rangi za upinde wa mvua, ambaye alimpata kwa nahodha mmoja wa Hamburg pamoja na habari kwamba ametoka China au Bengal, na akamwita Papilio rhipheus, akimdhani kipepeo. Mdudu huyo alikuwa nondo, naye ni wa Madagaska. Jacob Hübner alimtengea jenasi ya Chrysiridia katika miaka ya 1820, na ndugu yake wa karibu, Chrysiridia croesus, aliyepewa jina na Adolf Gerstaecker mwaka 1871, huruka mchana katika mwambao wa Afrika Mashariki na visiwani Zanzibar. Nondo wa Madagaska ameonekana mara kadhaa katika stempu za nchi yake, na wakusanyaji humbandika katika kurasa za vipepeo bila kusita. Anayetaka kuwasahihisha ana haki, lakini akumbuke kwamba Drury alikuwa na mdudu mzima mkononi na bado alikosea.

Mifano ya Uingereza inaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kubadilika hata pale picha na jina vilipokuwa sahihi. Tarehe 13 Mei 1981 posta ya nchi hiyo ilitoa stempu nne zilizochorwa na Gordon Beningfield, mchoraji wa mashamba na viumbe wake, aliyewaonyesha vipepeo wakiwa hai katikati ya mimea, si wakiwa wametandazwa kama katika droo: Aglais urticae, Maculinea arion, Inachis io na Carterocephalus palaemon. Wawili kati ya hao walikuwa wameathirika vibaya hata kabla stempu hazijauzwa, kwa maana Carterocephalus palaemon alikuwa ametoweka England katikati ya miaka ya 1970 na kubaki Scotland peke yake, na Maculinea arion, ambaye kiwavi wake huchukuliwa na sisimizi wa jenasi ya Myrmica hadi kichuguuni na kuwala watoto wao, alitangazwa kuwa ametoweka Uingereza yote mwaka 1979. Baadaye wote wawili walirudishwa, huyu kwa wadudu kutoka Sweden katika miaka ya 1980, na yule kwa wadudu kutoka Ubelgiji mwaka 2018. Wakati huohuo majina nayo yakahama: Inachis io akaingizwa katika jenasi ya Aglais, na Maculinea ikaonekana kuwa imetanguliwa na jina Phengaris, lililochapishwa mwaka 1891, miaka 24 kabla yake. Katalogi nzuri, kwa hiyo, huandika kwanza jina kama lilivyochapwa kwenye stempu, kisha jina linalokubaliwa sasa, na kuyaingiza yote mawili katika faharasa, ili anayemtafuta Phengaris arion aifikie stempu ya 1981 sawa na anayemtafuta kwa jina alilolizoea.